Woga na Kicho katika Riwaya ya Kutisha ya Kikristo

Mtu humwogopa simba, huogopa giza, humwogopa mwizi. Lakini humcha Mungu. Hakuna asemaye kwamba anamcha simba, wala kumwita mtu mwoga wa Mungu si kumsifu. Lugha nyingine, Kiingereza mojawapo, huyaweka mambo haya mawili chini ya jina moja, na msomaji akaachiwa kazi ya kuyatenga kwa kutazama muktadha. Katika Kiswahili kazi hiyo imekwisha kufanywa na lugha yenyewe. Kitenzi -ogopa kimezaa woga na -ogofya. Kitenzi -cha kimezaa kicho na uchaji, tena ni nadra katika mazungumzo ya kawaida kuisikia kauli yake ya kusababisha. Mwenye woga hukimbia. Mwenye kicho huinama mahali pale pale alipo.

Tofauti hiyo yafaa iangaliwe kwa makini na yeyote atakaye kuchunguza riwaya ya kutisha ya Kikristo. Kwa jina hilo inakusudiwa hapa hadithi ya kubuni ambayo kitisho chake kinachimbuka katika mafundisho ya Ukristo juu ya dhambi, Shetani, mauti na hukumu, na ambayo inamtaka msomaji ayachukue mafundisho hayo kuwa ya kweli, angalau kwa muda wa kusoma. Hadithi yenye msalaba ukutani tu, uliotundikwa kuwa pambo, haimo.

Utanzu huu hulaumiwa kutoka pande mbili. Waumini wengi huona kwamba mwenye kuburudika kwa habari za pepo amekwisha kumpa Shetani heshima asiyostahili. Wahakiki nao husema kwamba imani huua kitisho: hadithi ya kutisha huishi kwa kutojulikana mwisho wake, na Mkristo anaujua mwisho, kwa kuwa amefundishwa kwamba Shetani amekwisha kushindwa. Lawama hii ya pili ndiyo yenye uzito kwa mwanafasihi. Ikiwa ushindi umekwisha kupatikana, mwandishi atamwogofya msomaji kwa jambo gani?

Waandishi walio bora hawakujaribu kuutilia shaka ushindi huo. Walikihamisha kitisho. Swali katika kazi zao si nani atashinda, bali ni nani atakayepotea ijapokuwa ushindi upo; na hapo ndipo woga unapogeuka kuwa kicho, au unapokataa kugeuka. Waandishi walio dhaifu wamekihamisha pia, lakini wamekipeleka kwingine, yaani kwa jirani. Umuhimu wa tofauti hii hauishii kwenye sanaa peke yake.

Kielelezo cha kale kimo katika Injili ya Marko, sura ya 5. Mtu anaishi makaburini, anakata minyororo, anapiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Pepo walio ndani yake wanajitaja kwa jina la kikosi cha jeshi la Kirumi, wanaomba waingie katika kundi la nguruwe wapatao 2,000, wanaruhusiwa, na kundi lote linaporomoka baharini. Mpaka hapo msimulizi ana kila kitu ambacho mwandishi wa hadithi za kutisha angekitamani. Lakini Marko hasemi kwamba wenyeji waliogopa wakati mtu yule alipokuwa akipiga kelele. Anasema waliogopa walipomkuta ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu. Nao wakamsihi Yesu aondoke katika nchi yao. Mwenda wazimu walikuwa wamekwisha kumzoea. Aliyeponywa ndiye hawakujua wamweke wapi. Injili hiyo hiyo, katika hati mbili mashuhuri za karne ya 4, yaani Sinaiticus na Vaticanus, inakoma kwenye aya ya 8 ya sura ya 16, wanawake wakikimbia kutoka kwenye kaburi tupu kwa hofu na kutetemeka. Ni ajabu ya usimulizi kwamba habari ya ushindi iachwe mikononi mwa watu walioshindwa kusema neno kwa hofu. Aya zinazofuata, ambazo wataalamu wengi wanaona ziliongezwa baadaye, zinamtuliza msomaji. Hati hizo mbili hazimtulizi.

Mwanatheolojia wa Kijerumani Rudolf Otto, katika kitabu chake Das Heilige cha mwaka 1917, alieleza kwamba mbele ya kilicho kitakatifu binadamu huvutwa na kutetemeshwa kwa wakati mmoja, na kwamba hofu ya mizuka ni chipukizi lililopotoka la mtetemeko huo. Maelezo ya Otto yana kasoro zake, lakini kwa utanzu huu yana faida moja kubwa: yanaonyesha kwamba kicho na woga, hata vikitengwa na lugha, hutoka katika shina lililo karibu. Mwandishi hufanya kazi yake mahali ambapo matawi hayo mawili bado yamegusana.

Mfano mmoja unapatikana katika Dracula ya Bram Stoker, iliyochapishwa mwaka 1897. Stoker alilelewa katika Kanisa la Ireland, ambalo ni la Kianglikana, lakini silaha anazompa Profesa Van Helsing ni za Kikatoliki: misalaba na hostia. Hostia inasagwa na kutiwa katika nyufa za kaburi ili mnyonya damu asipite, na profesa anadai kwamba ana kibali cha Kanisa kwa jambo hilo. Mkatoliki yeyote aliyesoma katekisimu yake angecheka. Hapo imani imekuwa dawa ya kuulia wadudu. Hata hivyo riwaya hiyo ina onyesho jingine lenye kina zaidi. Mina Harker, mwanamke mwema asiye na hatia, amekwisha kulazimishwa kunywa damu ya adui. Van Helsing anamgusa paji la uso kwa hostia ili kumlinda, nayo inamchoma kama chuma cha moto na kumwachia kovu. Msomaji alikuwa ametarajia kitakatifu kimwogofye mwovu. Sasa kinamwunguza anayekipenda. Tangu hapo Mina hamwogopi Dracula peke yake. Anaogopa kwamba yeye mwenyewe hawezi tena kusimama mbele ya Mungu wake.

Stephen King aliuchukua uzi huo katika Salem's Lot ya mwaka 1975, ingawa hakukusudia kuandika kitabu cha kuhubiri. Padre Callahan, mlevi aliyechoka, anauinua msalaba mbele ya mnyonya damu Barlow, na msalaba unang'aa. Barlow anampa changamoto: autupe, wakabiliane imani kwa imani. Padre anasita, na katika kusita kwake mwanga unafifia, mpaka anabaki ameshika kipande cha kitu tu mkononi. Baadaye, akiwa amekwisha kuonjeshwa damu ya adui, anaushika mlango wa kanisa lake na kutupwa nyuma, mkono umeungua. Mtu aweza kubisha juu ya theolojia ya onyesho hili, kwa kuwa linaifanya neema itegemee nguvu za moyo wa anayeishika. Kwa fani, hata hivyo, King ameona jambo sahihi: kitisho hakimo katika meno ya Barlow, kimo katika kusita kwa padre.

Kazi iliyoufikisha mchanganyiko huu mbali kuliko zote ni The Exorcist ya William Peter Blatty, ya mwaka 1971. Blatty alizaliwa New York mwaka 1928, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, akasoma kwa Wajesuiti katika Chuo Kikuu cha Georgetown. Akiwa mwanafunzi huko mwaka 1949 alisoma katika gazeti habari za mvulana wa Maryland aliyesemekana kutolewa pepo. Habari hiyo ilikaa naye zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwa riwaya, na mvulana akawa msichana, Regan, binti wa mcheza sinema asiye na dini yoyote.

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji anayekifahamu kitabu kwa sifa zake tu ni jinsi kilivyo na shaka. Sehemu kubwa ya riwaya imejaa matabibu. Regan anapimwa ubongo, anapewa dawa, anapelekwa kwa wataalamu wa maradhi ya akili, na ni matabibu hao hao, si mapadre, wanaopendekeza ibada ya kutoa pepo, tena kama njia ya kuishtua akili ya mgonjwa anayeamini kwamba amepagawa. Padre Damien Karras anayeitwa kusaidia ni Mjesuiti na tabibu wa akili kwa wakati mmoja. Imani yake imedhoofika, na mama yake amekufa katika ufukara huku yeye akiwa na nadhiri ya kutomiliki kitu. Karras haji na msalaba mkononi. Anakuja na daftari. Kitabu cha ibada cha Kirumi cha mwaka 1614 kinamwagiza padre asiamini upesi kwamba mtu amepagawa, na kinataja dalili za kutafutwa: kusema au kufahamu lugha isiyojulikana na mgonjwa, kufichua mambo ya mbali au ya siri, kuonyesha nguvu zilizozidi umri wake. Karras anazifuata dalili hizo moja moja kama mtafiti. Anamnyunyizia Regan maji ya bomba akimwambia kwamba yamebarikiwa, naye analia kwa maumivu, jambo linalodhoofisha hoja ya kupagawa. Anarekodi maneno yake ya ajabu na kuyapeleka kwa mtaalamu wa isimu, naye anagundua kwamba ni Kiingereza kilichogeuzwa nyuma mbele. Hata kulinganisha msamiati wa sauti mbili kwa hesabu ya maneno kunafikiriwa. Ni mara chache katika riwaya ya kutisha kwa idara ya lugha kupewa kazi nzito namna hii, na ni haki wanaisimu wajue kwamba ushahidi wao hauamui lolote.

Faida ya shaka hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kila mara Karras anapopata maelezo ya kitabibu, msomaji hupumua. Na kila anapopumua, hujikuta anatamani mtoto awe mgonjwa wa kifafa kuliko awe na pepo. Kwa kufanya hivyo amekwisha kukiri kwamba huenda pepo yupo. Blatty hamlazimishi aamini. Anamwacha ajione akiogopa kuamini.

Kisha anakuja Padre Merrin, mzee aliyeonekana mwanzoni mwa kitabu huko kaskazini ya Iraq, kati ya magofu, akitazama sanamu ya Pazuzu. Katika mapumziko ya ibada Karras anamwuliza maana ya mateso haya yote. Maelezo ya Merrin ndiyo moyo wa riwaya. Kwa maoni yake shabaha ya pepo si msichana. Ni wale wanaomtazama. Matusi, matapishi, uchafu wa mwili, yote yanakusudiwa kuwakatisha tamaa, wajione kuwa ni wanyama, waamini kwamba Mungu hawezi kuwapenda viumbe wa namna hii. Hapo uchafu wote ambao mkosoaji angeuita wa kuuzia kitabu unapata sababu yake ya kuwepo, na msomaji anatambua kwamba yeye pia ni miongoni mwa watazamaji. Alipochukizwa, ndipo alipokuwa akilengwa.

Mwisho wa riwaya unahitaji kusomwa polepole. Merrin anakufa kwa moyo. Karras, akiwa peke yake na mtoto, anamtaka pepo amwache Regan na kumwingia yeye. Mambo yanayofuata hayaonekani. Msomaji yuko chini pamoja na mama wa mtoto, akisikia kelele na sauti ya Karras, kisha kishindo cha dirisha. Mwili unapatikana chini ya ngazi ndefu za mawe. Rafiki yake, Padre Dyer, anamshika mkono, anamwuliza kama anataka kuungama, na vidole vinaubana mkono wake. Katika macho yake kuna utulivu, hata mfano wa furaha. Mtu aliyeingia katika chumba kile akiwa na daftari amefanya tendo ambalo hakuna daftari lingelithibitisha.

Sinema iliyoongozwa na William Friedkin, ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 26 Desemba 1973, ilifuata riwaya kwa uaminifu mkubwa, na Blatty mwenyewe alipata tuzo ya Oscar kwa kuuandika mchezo wake. Lakini mazungumzo ya Merrin kuhusu shabaha ya pepo yaliondolewa. Matokeo yalimhuzunisha mwandishi: watazamaji wengi walitoka wakidhani kwamba pepo ndiye aliyemtupa padre dirishani, yaani kwamba Shetani ameshinda. Mazungumzo hayo yalirudishwa katika toleo la mwaka 2000. Kisa hiki kina mafunzo kwa mhakiki. Matukio ni yale yale, damu ni ile ile, hata macho ya padre ni yale yale; yalipoondolewa maneno machache ya mzee mmoja kwenye ngazi, kicho kikaporomoka na kuwa woga, na watu wakakimbia walipotakiwa wainame.

Miaka kumi na mitano baada ya riwaya ya Blatty, mwaka 1986, Frank Peretti alichapisha This Present Darkness, kitabu kilichouzwa nakala zaidi ya milioni 2 na kufuatwa na wengi. Mhubiri Hank Busche na mwanagazeti Marshall Hogan wanapambana na njama katika mji mdogo uitwao Ashton. Juu ya vichwa vyao, malaika na pepo wanapigana kwa panga, na sala za waumini ndizo zinazowapa malaika nguvu. Peretti ana kipaji cha mwendo. Sura zake zinakimbia, na mapigano yake angani yana rangi. Lakini msomaji wake anaona kila kitu. Anajua nyuma ya nani kuna pepo na nyuma ya nani kuna malaika, na hakuna swali linalobaki kwa Karras yeyote kuliuliza. Shaka ikiisha kuondolewa, woga unatafuta mahali pa kukaa, na unakaa kwa watu: wenye kufundisha kutafakari kwa namna ya Mashariki, wachungaji wenye mawazo huru, na Juleen Langstrat, profesa wa saikolojia katika chuo cha mji huo. (Walimu wa vyuo vikuu watasamehewa wakilisoma jambo hili la mwisho kwa makini ya kipekee.) Mwumini anayekifunga kitabu hicho hajiulizi kama imani yake ingestahimili. Anajiuliza ni nani katika mtaa wake anayeshirikiana na pepo.

Swali hilo si la mchezo barani Afrika. Mwaka 1987 kilitoka Nigeria kijitabu cha Emmanuel Eni, Delivered from the Powers of Darkness, kikisimulia maisha ya mwandishi katika utumishi wa Shetani kabla ya kuokoka: miji chini ya bahari, maabara za huko zinazobuni vipodozi na bidhaa za anasa, malkia wa majini. Kwa fani ni hadithi ya kutisha kamili, na baadhi ya maonyesho yake yangewashinda waandishi wengi wa kubuni. Lakini kimetolewa kama ushuhuda, na mamlaka yake yote yanatokana na dai hilo. Msomaji wa Blatty anaingia katika mkataba na mwandishi kwamba atatishwa kisha atarudi nyumbani. Msomaji wa ushuhuda hana mlango wa kutokea.

Kenya iliyajua mambo ya namna hiyo kwa njia ya serikali yenyewe. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya Shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Hakuna haja ya kudai kwamba kitabu chochote ndicho kilichosababisha hofu iliyokuwapo wakati ule. Hofu ya watu ina vyanzo vingi, umaskini na siasa vikiwamo. Wala haiwezekani kumbebesha mwandishi yeyote lawama ya mwezi Mei mwaka 2008, watu 11 walipochomwa moto katika sehemu za Kisii kwa kushukiwa uchawi. Lakini mwandishi hutupa mbegu katika udongo uliopo. Mahali ambapo bibi mzee aweza kuuawa kwa neno moja la jirani, hadithi inayomfundisha msomaji kumtambua mtumishi wa Shetani kwa macho na mavazi yake inafanya kazi tofauti na ile inayofanya mahali ambapo hadithi hiyo hiyo ni burudani ya jioni.

Ngũgĩ wa Thiong'o alionyesha njia nyingine katika riwaya aliyoiandika gerezani Kamĩtĩ mwaka 1978, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1980 na kwa Kiswahili, kwa jina la Shetani Msalabani, mwaka 1982. Katika ndoto ya Warĩĩnga watu waliovaa matambara wanamsulubisha Shetani, na siku ya tatu wenye suti wanakuja kumteremsha. Hiyo ni tashtiti na si riwaya ya kutisha ya Kikristo, maana imani yenyewe haitetewi humo. Hata hivyo mwandishi amejua pa kuuelekeza woga: kwa wenye nguvu, wala si kwa bibi mzee wa kijijini.

Mwandishi wa Kiswahili atakayetaka kuandika katika utanzu huu kwa njia ya Blatty atakutana na ugumu ambao Blatty hakuujua, nao ni wa msamiati. Neno pepo lina ukoo mrefu pwani. Pepo wa pwani wana makabila yao, wana vyakula na ngoma zao. Anayepagawa huitwa kiti, na mganga anapopunga pepo humwuliza jina lake, atokako na atakacho. Aghalabu shughuli huishia kwa mapatano, pepo akaridhika na kiti akapata afya. Kitabu cha ibada cha Kirumi kinakataza mazungumzo yasiyo ya lazima, na Merrin anamwonya Karras vikali asizungumze na adui. Basi mfasiri atakayemwita Merrin mpunga pepo atakuwa amemweka penye meza ya mapatano, mahali ambapo mzee huyo anakufa kwa kukataa kukaa. Akitumia kukemea, neno la makanisani, atapata ukali anaoutaka lakini atapoteza utaratibu na utulivu wa ibada ya kale. Akiandika jini, msomaji wa Lamu atauliza kama ni Mwislamu au kafiri, kwa kuwa majini wako wa namna zote mbili. Ibilisi ni mmoja mno, na mzimu una jamaa zake. Msomaji wa pwani, tena, ataona ajabu kwamba katika riwaya nzima hakuna mtu anayemwuliza mgeni huyu kwa adabu anataka nini, na ajabu yake haitakuwa ya ujinga, kwa sababu wale wa Marko waliomba nguruwe, wakapewa.